I Am Sam: machozi tele, ushahidi kiduchu

Tuanze na hukumu, maana filamu yenyewe inaichelewesha mpaka dakika za mwisho: I Am Sam ni sinema ya kutazamwa, imeigizwa vizuri kuliko ilivyoandikwa, na kesi iliyomo ndani yake imeendeshwa ovyo. Kinachokera zaidi ni kwamba ushahidi wote ambao wakili wa Sam, baba anayepigania kubaki na binti yake, angeuhitaji ameshaonyeshwa mtazamaji mapema kabisa, tena kwa ufundi. Halafu kesi inaanza na ushahidi huo unabaki nyumbani.

Filamu ilitoka Marekani mwishoni mwa Desemba 2001, ikasambaa kumbi nyingi Januari 2002. Imeongozwa na Jessie Nelson, ambaye pia aliandika skripti pamoja na Kristine Johnson. Ni ndefu, dakika 132 hivi. Sean Penn ni Sam Dawson, mwanamume mwenye ulemavu wa akili anayepanga vipakiti vya sukari na kufuta meza katika mkahawa wa Starbucks jijini Los Angeles. Mama wa mtoto anawatoroka siku ileile wanayotoka hospitali. Sam anabaki na kichanga mkononi, anamwita Lucy Diamond kwa mapenzi yake kwa Beatles, na anamlea. Lucy anapofikisha miaka saba (Dakota Fanning, ambaye naye alikuwa wa umri huohuo), anaanza kumpita baba yake kusoma. Shule inashtuka, sherehe ya kuzaliwa inaharibika, serikali inamchukua mtoto. Sam anamwangukia Rita Harrison (Michelle Pfeiffer), wakili wa matajiri, ambaye anaikubali kesi bila malipo kwa sababu ameaibika mbele ya wafanyakazi wenzake. Asiyetaka kujua yanayofuata aishie hapa, kwa sababu tutayataja yote, mwisho ukiwemo.

Rudi kwanza kwenye siku za mwanzo za Lucy. Mtoto analia, Sam hajui afanye nini. Jirani yake Annie (Dianne Wiest), mpiga piano asiyethubutu kutoka nje ya mlango wake, anamweleza kwamba mtoto anahitaji kulishwa kila baada ya saa mbili. Na kwa kuwa kuhesabu saa kunamchanganya Sam, Annie anamfungia ratiba hiyo kwenye vipindi vya televisheni: kipindi fulani kikianza, chupa, kinachofuata kikianza, chupa nyingine. Tukio linapita upesi na watazamaji wengi hulichekea. Mtu aliyefanya kazi na wazazi wenye ulemavu wa akili hatacheka, atachukua kalamu.

Alichofanya Annie ndicho hasa wanachofanya wakufunzi wazuri wa malezi. Mzazi wa aina ya Sam kwa kawaida hashindwi na tendo lenyewe. Anaweza kuchanganya maziwa, kubadilisha nepi, kumbeba mtoto vizuri. Kinachomshinda ni dhana iliyo nyuma ya tendo: muda, kipimo, kiasi, utangulizi wa hatua moja kabla ya nyingine. Kwa hiyo unalichukua tendo na kulifunga kwenye kitu kinachoonekana au kusikika chenyewe. Chupa inazungushiwa utepe wa rangi pale maji yanapopaswa kufika. Bomba la dawa ya homa linawekwa alama kwenye mililita zilizoandikwa na daktari, ili mzazi asilazimike kusoma namba. Ukutani bafuni zinabandikwa picha za kuogesha, hatua kwa hatua, ya kwanza ikiwa kiwiko kinachopima joto la maji na ya mwisho taulo. Pesa za wiki zinagawanywa kwenye bahasha, kila bahasha na picha ya matumizi yake.

Mafunzo yenyewe yanafanyika nyumbani kwa mzazi, kwa chupa yake na sinki lake, kwa sababu ujuzi uliofundishwa darasani mara nyingi haufuati mtu nyumbani. Mkufunzi anaonyesha, mzazi anarudia, kosa linasahihishwa papo hapo, na zoezi linarudiwa siku nyingine hadi lifanyike bila kukumbushwa. Na kuna jambo moja linaloharibu programu nyingi: mtoto anakua, mbinu inabaki palepale. Utepe wa chupa ya kichanga wa miezi miwili ni hatari kwa wa miezi sita. Picha za kuogesha hazina msaada kwa mtoto wa darasa la pili mwenye kazi za shule na maswali ya kwa nini.

Hapo ndipo Sam alipokwama, na filamu inatuonyesha bila kujua kwamba inatuonyesha. Mbinu ya Annie ilimvusha kipindi cha kichanga. Kwa miaka ya shule hakuna aliyekaa chini na kupanga nani atamsaidia Lucy hesabu, nani atasoma barua za mwalimu, Sam afanye nini mtoto akimkaidi mbele ya watu. Sherehe ile ya kuzaliwa inaharibika kwa sababu hiyo. Kuna umati, kelele, mtoto wa kiume anayesema maneno ya kuumiza, na Sam hana hata mbinu moja aliyofundishwa ya kutulia.

Tukio la dukani ni la pili la kuwekwa akilini. Lucy anahitaji viatu, pesa za Sam hazitoshi, na marafiki zake, wote wenye ulemavu wa namna moja au nyingine, wanachanga hapohapo. Wanatoka na maputo wakivuka barabara kwa mstari kama wale wanamuziki wanne kwenye jalada la Abbey Road. Picha ni tamu na muziki umekaa. Lakini ukiitazama kwa jicho la ofisa ustawi wa jamii, unachokiona ni mtandao wa watu wanaofika wanapoitwa na wenye siku zao za kukutana kila wiki. Wataalamu wanaopima wazazi wenye ulemavu wa akili huutafuta mtandao wa aina hiyo kabla ya kitu kingine chochote, kwa kuwa mzazi aliye peke yake na mzazi aliyezungukwa na watu ni kesi mbili tofauti, hata kama wanafanana kwa kila kipimo cha akili.

La tatu ni tukio la kitandani, na ndilo bora katika filamu nzima. Lucy anasomea baba yake kitabu cha watoto. Anafika kwenye neno linalomaanisha "tofauti" na anakataa kulitamka. Anajifanya halijui. Sam anajua kwamba analijua. Anamsihi alisome, na Lucy anagoma, kwa sababu hataki kusoma asichoweza kusoma baba. Fanning halii, wala hafanyi uso wa huruma. Anakunja midomo na kung'ang'ania uongo wake kama mtoto yeyote aliyeamua. Penn naye anageuka mzazi mbele ya macho yetu: anamweleza kwamba kumsikia akisoma kunamfurahisha, na anampa amri. Dakika chache tu, na hoja nzito kuliko zote za upande wa serikali inajibiwa. Mtoto anayejizuia kukua kwa ajili ya mzazi ni jambo la kutia wasiwasi kweli. Mzazi anayeligundua na kumsukuma mtoto mbele anafanya kazi ya mzazi.

Sasa twende mahakamani, ambako mambo haya matatu hayabebi kesi.

Kesi za namna hii California husikilizwa katika mahakama ya watoto chini ya sheria ya ustawi na taasisi za jimbo, kifungu cha 300. Mtoto akichukuliwa, idara ina saa 48, ukiondoa siku zisizo za kazi, kufungua maombi, na siku ya mahakama inayofuata lazima kuwe na kikao cha kuamua kama arudi nyumbani kwa muda au abaki kwa walezi. Baraza la wazee wa mahakama halipo. Jaji anaamua peke yake. Kifungu hicho kinautaja ulemavu wa maendeleo wa mzazi waziwazi, lakini kama sababu ya kushindwa kutoa matunzo ya kawaida yanayomweka mtoto hatarini. Ulemavu peke yake hautoshi. Na ili jaji amwondoe mtoto mikononi mwa mzazi aliyekuwa akiishi naye, anahitaji ushahidi ulio wazi na wa kushawishi wa hatari kubwa, pamoja na uthibitisho kwamba hakuna njia nyingine ya busara ya kumlinda bila kumtoa nyumbani.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo mlango ambao Rita angepaswa kupita. Njia nyingine ya busara ni nini? Ni Annie na vipindi vya televisheni. Ni marafiki na viatu. Ni mkufunzi wa nyumbani mara mbili kwa wiki na mwalimu wa masomo ya ziada alasiri. Kesi ya Rita ingejengwa hapo, ikaorodhesha msaada kwa jina, siku na saa, kisha akamtaka jaji aeleze kwa nini huo hautoshi.

California pia ina kitu ambacho filamu imekipita kama hakipo. Tangu sheria ya Lanterman ya mwaka 1969, jimbo hilo linawahudumia watu wenye ulemavu wa maendeleo kupitia vituo vya kikanda, ambavyo sasa ni 21. Mtu kama Sam angekuwa na mratibu wa huduma na mpango wake binafsi ulioandikwa, na ndani ya mpango huo mafunzo ya malezi na msaada wa kuishi kwa kujitegemea vinaweza kuombwa. Swali la kwanza la wakili yeyote mzoefu wa mahakama ile lingekuwa: mratibu wake ni nani, na mpango unasemaje? Mtu huyo angekuwa shahidi namba moja.

Hata kisa cha kumpata Rita kina tundu. Mzazi asiye na uwezo ambaye mtoto wake amewekwa kwa walezi hupangiwa wakili na mahakama huko California. Mtoto naye hupangiwa wake, jambo ambalo lingempa Lucy mtu wa kuusema moyo wake bila yeye kugombaniwa na watu wazima kila upande. Wakili wa kupangiwa angekuwa amechoka, amebeba mafaili chungu nzima, lakini angekijua kwa moyo kifungu cha 361, kile kinachoweka masharti ya kumwondoa mtoto mikononi mwa mzazi. Rita, kwa fahari yake yote, ameingia kwenye mahakama asiyoijua, na skripti haimwadhibu kwa hilo ipasavyo.

Tazama anavyomdodosa mwanasaikolojia aliyeitwa kueleza uwezo wa Sam. Anamshambulia yeye binafsi kama mzazi, na ukumbi mzima unanyamaza kwa mshtuko. Ni tamthilia nzuri na uwakili mbaya, kwa sababu ripoti ya mtaalamu inabaki mezani pale bila mkwaruzo. Mtaalamu wa namna hiyo huangushwa kwa maswali ya kuchosha. Ulitumia kipimo gani? Kilitengenezwa kupima malezi au kupima akili? Ulimwona baba akiwa na mtoto mara ngapi, na wapi, ofisini kwako au nyumbani kwao? Ulimpima akiwa na msaada anaoutumia kila siku, au uliuondoa kwanza? Unaweza kuniambia tarehe moja ambayo Lucy aliumia, alilala njaa, au alikosa dawa?

Swali la kipimo cha akili lina uzito wake. Filamu nzima imejengwa juu ya kauli kwamba Sam ana akili ya mtoto wa miaka saba, na kwamba Lucy akishatimiza saba mambo yamekwisha. "Umri wa akili" ni namba inayotokana na jinsi mtu alivyojibu maswali ya mtihani ikilinganishwa na wastani wa watoto. Haisemi kwamba Sam ni mtoto. Mtoto wa miaka saba hajafanya kazi moja kwa miaka, hajalipa pango, hajakesha na kichanga. Na utafiti umeonyesha kwa muda mrefu kwamba kipimo cha akili peke yake ni mtabiri dhaifu wa uwezo wa kulea, isipokuwa labda kinaposhuka chini kabisa. Umaskini, upweke, afya ya mzazi na historia yake mwenyewe ya kulelewa vina neno kubwa zaidi. Jambo hili lilipaswa kusemwa mahakamani, hata kwa sentensi mbili.

Hoja ya kisheria ilikuwepo pia, tena ya jimbo lilelile. Mwaka 1979, katika kesi ya ndoa ya Carney, mahakama ya juu kabisa ya California ilitengua uamuzi uliompokonya baba aliyepooza viungo vyote vinne haki ya kukaa na wanawe. Ilisema ulemavu wenyewe si ushahidi kwamba mzazi hafai, na ikakataa dhana kwamba baba asiyeweza kucheza mpira na wanawe si baba kamili. Ile ilikuwa talaka na ulemavu wa mwili, kwa hiyo haimfuniki Sam moja kwa moja, lakini hakuna wakili wa Los Angeles angeiacha kabatini. Na sheria ya shirikisho ya Wamarekani wenye ulemavu ilikuwa na zaidi ya miaka kumi filamu ilipotoka.

Wapo watakaosema tunaidai sinema kazi ya kitabu cha sheria. Pengine. Ila tatizo lenyewe halikuwa la kubuni. Ripoti ya mwaka 2012 ya baraza la taifa la masuala ya ulemavu la Marekani ilikusanya tafiti zilizoonyesha kwamba wazazi wenye ulemavu wa akili hunyang'anywa watoto kwa kiwango cha asilimia 40 hadi 80. Ni mwezi Agosti 2015 tu ambapo wizara ya sheria na ile ya afya za nchi hiyo zilitoa mwongozo wa pamoja kuzikumbusha idara za watoto kwamba kila mzazi apimwe kwa hali yake, si kwa jina la ulemavu wake. Filamu iliyotazamwa na mamilioni ingeweza kuwaambia haya wazazi miaka kumi na minne mapema.

Tukio la Annie kizimbani linaumiza kwa sababu hiyohiyo. Mwanamke asiyetoka nyumbani ametoka. Wiest anatembea kana kwamba sakafu inayumba, na mkono wake hautulii. Anamsemea Sam kwa upendo, kisha upande wa serikali unaugeukia udhaifu wake yeye. Rita hamuulizi maswali manne ambayo yangemfanya shahidi wa maana: ulimwonyesha Sam nini? Alihitaji kuonyeshwa mara ngapi? Alianza lini kufanya peke yake? Leo usiku akikwama, anampigia nani, na huyo anafika baada ya dakika ngapi? Majibu ya maswali hayo hayajali kama anayeyatoa anaogopa barabara.

Sam mwenyewe akipanda, filamu inapata kitu cha kweli. Wakili wa serikali, Turner, anambana kwa maswali marefu yenye mikunjo, na Sam anajibu kwa hotuba aliyoikariri kutoka Kramer vs. Kramer, filamu ya talaka ambayo yeye na marafiki wameitazama hadi wanaijua kwa kichwa. Mtu mwenye ulemavu wa akili akizidiwa mara nyingi hushika maneno ya mwingine, au hukubali kila anachoulizwa ili maswali yaishe. Ndiyo maana maofisa wanaomhoji kwa haki hutumia maswali mafupi yenye jambo moja, hukwepa ya ndiyo au hapana, humwomba arudie kwa maneno yake alichoelewa, na husimama kila baada ya muda ili apumzike. Wakili wake alipaswa kuomba utaratibu huo kabla Sam hajaapa. Penn anavunjika kizimbani na tunalia naye, wakati kilichotakiwa pale ni pingamizi moja la wakili.

Na kwa Penn sasa. Aliteuliwa kuwania Oscar ya mwigizaji bora wa kiume, akashindwa na Denzel Washington. Uigizaji wake ni wa mikono na macho: vidole vinavyopanga vitu kwa mstari, macho yanayomtazama mtu begani badala ya usoni, sentensi zinazoanza upya katikati. Kazi kubwa imefanyika pale. Hata hivyo tabia nyingine zinafanana na usonji, nyingine na ulemavu wa akili, na skripti haijaamua, kwa hiyo mwigizaji amebeba vyote. Kuna nyakati unamwona Penn akifanya kazi. Mtihani wake mgumu upo pembeni yake mwenyewe: marafiki wawili wa Sam wameigizwa na Brad Silverman na Joseph Rosenberg, ambao wana ulemavu kweli. Silverman, mwenye ugonjwa wa Down, anakaa mbele ya kamera bila kutikisa chochote na anachekesha kuliko wote. Wakiwa kwenye fremu moja, utulivu wake unaonyesha ni kiasi gani Penn anajishughulisha. Filamu ingekuwa jasiri zaidi kama ingewapa hawa wawili mistari mingi.

Muziki hauhitaji maneno mengi. Rekodi halisi za Beatles zilishindikana kwa gharama, hivyo nyimbo zao zikaimbwa upya na wanamuziki kama Sarah McLachlan, Eddie Vedder na Rufus Wainwright. Albamu ni nzuri ukiisikiliza peke yake. Ndani ya filamu inatumika kupita kiasi, kila uchungu na wimbo wake. Kamera nayo imeshikwa mkononi, inavuta karibu ghafla na kurudi, na rangi ya bluu imetanda. Wenye kichwa kinachouma kwa picha zinazoruka wakae mbali kidogo na skrini. Na majina ya biashara, kuanzia Starbucks hadi Pizza Hut, yanaonekana mara nyingi mno hadi unahisi mengine yamo kazini.

Pfeiffer ana kazi ngumu zaidi kuliko Penn, kwa sababu Rita ameandikwa kama mchoro: simu sikioni, mtoto aliyesahauliwa, ndoa inayovuja, peremende za kujituliza. Anaokoa anachoweza, hasa katika lile tukio anapoingia kwenye nyumba ya Sam aliyejifungia nyuma ya ukuta wa karatasi zilizokunjwa, na kumwaga aibu yake yote ya kuwa mama asiyetosha. Ila hapo ndipo filamu inapofanya ile tabia ya zamani ya sinema za ulemavu: Sam anakuwa mwalimu wa Rita. Mtoto wa Sam hajarudi, na skripti imesimama ili wakili apone kwanza.

Tofauti na hapo, Turner wa Richard Schiff ni zawadi. Anamwambia Rita kwamba kwa Rita kesi hii ni hadithi ya kusimulia kwenye karamu, wakati yeye Turner yupo pale kila siku na ndiye anayemwona mtoto akirudishwa tena. Kila aliyewahi kusimama upande wa serikali katika kesi ya mtoto ameyawaza maneno hayo. Filamu ingemsikiliza kidogo zaidi isingehitaji violini.

Randy (Laura Dern), mama mlezi, ndiye anayefungua fundo, na hapa tuwe makini. Lucy amewekwa kwake, anataka kumwasili. Sam anahamia karibu, anachukua kazi ya kutembeza mbwa, na kila usiku Lucy anapotoroka dirishani kwenda kwake, Sam anambeba akiwa amelala na kumrudisha. Hilo ni jambo la kupigiwa mstari mwekundu: mzazi anaheshimu amri ya mahakama hata anapoumia nayo, na kumbukumbu za namna hiyo hugeuza kesi. Mwishowe Randy anamrudisha Lucy kwa Sam na kukiri kwamba hataweza kusema mahakamani alichokusudia kusema, na Sam naye anamwambia kwamba Lucy anamhitaji Randy pia. Kisha tunapelekwa uwanjani, Sam ni refa, Lucy anacheza, wote wapo wanashangilia.

Lakini ni mpangilio gani huo kisheria? Filamu haisemi. California inajua njia kadhaa: mtoto kurudi kwa baba chini ya uangalizi wa idara, Randy kuwa mlezi wa kisheria huku Sam akibaki mzazi mwenye haki ya kumwona, au kuasiliwa, ambako kungemfuta Sam kabisa kama mzazi. Tofauti kati ya ya pili na ya tatu ni tofauti kati ya kubaki baba na kuwa mgeni anayeruhusiwa kuangalia mechi. Huduma za kurejesha familia nazo zina saa inayohesabu: kwa mtoto wa miaka mitatu na zaidi, kwa kawaida miezi 12 tangu alipoingia kwa walezi, na nyongeza si ya uhakika. Dakika moja ya jaji akisoma amri ingetosha kutueleza. Badala yake tumepewa goli.

Anayefundisha ustawi wa jamii au sheria ya mtoto aitumie hivi. Alioneshe darasa filamu hadi mtoto anapochukuliwa, isimamishwe, na kila mmoja aandike kila msaada aliouona: nani anautoa, kwa jambo gani, mara ngapi, na utakosekana lini. Kisha waandike pengo la kila msaada Lucy akifika miaka saba, kumi, kumi na tatu. Wakishamaliza, waonyeshwe vikao vya mahakama, wakihesabu ni mangapi katika orodha yao yametumika. Tukio la kitandani liachwe mpaka mwisho, lioneshwe mara mbili, mara ya pili bila sauti. Kwa kutazama nyumbani na watoto, imepewa daraja la PG-13 kwa ajili ya lugha. Mtoto aliyewahi kutenganishwa na wazazi asiiangalie peke yake. Kopi yenye manukuu ni bora, kwa kuwa Penn anameza maneno mengi, na baadhi ya aliyoyameza ndiyo mistari bora ya Sam.